MOTO MLIMANI, MOSHI KIFUANI



Sisi wakazi wa Moshi tumezoea kuutazama mlima kila asubuhi. Kibo ikiwa wazi tunafurahi, na ikijifunika mawingu tunasema itafunguka jioni. Lakini mwezi Oktoba 2020 tuliutazama kwa hofu. Mchana moshi ulipanda kutoka ubavuni mwa mlima, na usiku mistari myekundu ya moto ilionekana hata kutoka mjini. Wengi tulisimama nje ya nyumba zetu tukiangalia, tusijue la kufanya.

Magazeti na redio zilieleza miti iliyoungua na wageni waliokuwa mlimani. Jambo moja halikuzungumzwa sana: mtu anayetembea mlimani wakati msitu unaungua anavuta hewa gani, na hewa hiyo inamfanya nini? Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utalijibu swali hilo. Linawahusu wageni wanaopanda mpaka kileleni, vijana wetu wanaowaongoza na kuwabebea mizigo, na pia watoto wa parokia zetu wanaokwenda matembezi kwenye maporomoko ya Materuni na Marangu wakati wa likizo.

MOTO WA 2020 NA WA 2022

Moto wa mwaka 2020 ulianza Jumapili tarehe 11 Oktoba katika eneo la Whona. Hapo ni mahali pa kupumzikia wageni wanaopita njia ya Marangu, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) yalisema kwamba moto huo ulihusishwa na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Upepo na ukavu ulifanya yaliyobaki. Mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo askari wa hifadhi, wananchi wa vijijini na wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Baadaye TANAPA ilieleza kuwa eneo lililoungua lilifikia kilometa za mraba 95.5, yaani kama asilimia 5 ya hifadhi yote.

Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka karibu na kambi ya Karanga, upande wa kusini wa mlima, kwenye kimo cha meta 4,000 hivi. Safari hii hata askari wa Jeshi la Wananchi walipelekwa kusaidia. Mioto hiyo haikuwa ya kwanza. Wazee wanaikumbuka mioto mikubwa ya mwaka 1996 na 1997, na kabla ya hapo ilikuwapo mingine.

Ndugu msomaji, angalia miezi hiyo. Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Mlima hupendeza zaidi kupandwa kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, kwa sababu mvua ni kidogo, njia ni kavu na kilele kinaonekana. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo nyasi hukauka. Miti ya erika, ile yenye majani membamba iliyo juu ya msitu mkubwa, nayo hukauka na kushika moto upesi kwa sababu ina mafuta ndani yake. Basi wakati mlima una watu wengi ndio wakati ulio tayari kuwaka. Kwa hiyo anayepanga safari ya mlimani hana budi kulifikiria jambo la moshi mapema, kama anavyofikiria koti na viatu.

MOSHI UNAFANYA NINI MWILINI?

Moshi wa msitu una vitu vingi, lakini viwili ndivyo vyenye hatari zaidi.

Cha kwanza ni chembe ndogo sana za masizi. Zile kubwa hunaswa puani na kooni. Tunapiga chafya, tunakohoa, zinatoka. Lakini zile ndogo kabisa, ambazo upana wake haufiki hata sehemu moja ya ishirini ya unywele, hupita koo na kushuka mpaka mwisho wa mapafu. Nyingine huingia katika damu. Huko huwasha njia za hewa, hufanya kifua kibane, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo zinaweza kuamsha ugonjwa huo.

Cha pili ni gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Kwa kawaida damu yetu hubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Gesi hii inapoingia hukaa mahali pa oksijeni katika damu, tena hung'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama daladala ambayo viti vyake vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka. Abiria halali wanabaki kituoni. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida.

Ukiwa umekaa kivulini, unavuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Ukipanda mteremko mkali na mzigo mgongoni, unaweza kuvuta lita 50 au zaidi. Tena unavuta kwa mdomo, ukiiacha pua ambayo ingechuja angalau chembe kubwa. Kwa hiyo watu wawili wakiwa katika moshi uleule, mmoja ameketi na mwingine anapanda, yule anayepanda anaingiza moshi mara nyingi zaidi. Mazoezi ambayo siku nyingine yangemjenga, siku ya moshi yanamwumiza.

MLIMANI HEWA YENYEWE NI CHACHE

Kadiri tunavyopanda, ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Pale Horombo, kwenye meta 3,720, kila pumzi ina oksijeni iliyopungua kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na Tanga au Dar es Salaam. Kwenye kilele cha Uhuru, meta 5,895, ni kama nusu tu. Ndiyo maana waongozaji wetu husema "pole pole" tangu getini. Mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea.

Sasa mwili huo unaohangaika na hewa chache ukiongezewa gesi inayozuia hata ile oksijeni kidogo, mzigo unakuwa mara mbili. Moshi ambao mjini ungemletea mtu kikohozi tu, kule juu unaweza kumlaza chini.

Aidha, ugonjwa wa mlima na madhara ya moshi yanafanana: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kuishiwa nguvu. Mtu anaweza kusema, "Ni kimo tu, nitazoea," kumbe ni moshi. Au anaweza kusema, "Ni moshi tu, utapita," kumbe mapafu yake yanaanza kujaa maji kwa sababu ya kimo. Usipoteze muda kubishana ni kipi. Hatua ya kwanza kwa yote mawili ni kuacha kupanda na kushuka mahali penye hewa nzito na safi.

KIJANA ASIYEWEZA KUSEMA ANAUMWA

Walio katika hatari kubwa ni watoto, wazee, mama wajawazito, na wagonjwa wa pumu, moyo na kifua. Mtoto huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima tukilinganisha na uzito wake, na njia zake za hewa ni nyembamba. Lakini tunataka kumtaja mwingine ambaye hayumo katika orodha za kawaida, naye ni mpagazi.

Tuchukue mfano wa kijana wa huku kwetu mwenye miaka 22. Amebeba mzigo wa kilo 20, ambao ndio mwisho wa kiwango kinachoruhusiwa. Anatakiwa afike kambini kabla ya wageni ili hema liwe limesimama na chai iko tayari. Kwa hiyo anatembea haraka kuliko wageni, na anavuta hewa nyingi kuliko wao. Usiku analala katika hema lenye watu wengi. Tangu jana anakohoa na kifua kinambana. Kiongozi anamwuliza, "Vipi, uko sawa?" Anajibu, "Niko fiti."

Kwa nini anajibu hivyo? Hakusudii kumdanganya kiongozi wake. Anajua akishushwa leo, huenda malipo ya siku zilizobaki yakapotea, na safari ijayo jina lake lisiitwe. Nyumbani kuna mama, kuna wadogo zake wanaosubiri ada. Mgeni aliyekuja kwa mapumziko akiona moshi anaweza kughairi safari, akarudi hotelini na kupiga picha. Kijana huyu hana uhuru huo. Kwa mwenzake ni matembezi, kwake ni mkate wa kila siku.

Kwa hiyo tunawaomba wenye makampuni ya kupandisha wageni, na wengi wao ni waamini wenzetu tunaokaa nao benchi moja kanisani: mpagazi akishushwa kwa sababu ya afya, alipwe haki yake na asifutwe katika orodha. Mkifanya hivyo, vijana watasema ukweli wakiulizwa, na ukweli huo utaokoa maisha. Nanyi wageni na wenyeji mnaopanda, msimwulize mpagazi kama yuko sawa mbele ya watu wote. Mtazameni anavyopumua.

KABLA YA SAFARI

1. Uliza habari za moto. Geti la hifadhi na ofisi ya hifadhi pale Marangu ndio wenye habari za uhakika.

2. Mwenye pumu, moyo au shinikizo la damu amwone daktari kabla ya safari. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, tena aiweke mfukoni. Akiiweka katika mzigo utakaotangulia na mpagazi, haitamsaidia njiani. Na kama anatumia dawa ya kila siku ya kuzuia pumu, asiiache.

3. Walezi wa vijana na wa Utoto Mtakatifu, jueni kabla ya kuondoka ni mtoto gani ana pumu. Waulizeni wazazi, kwa maana mtoto mwenyewe hatasema, akiogopa kuachwa.

4. Siku ya matembezi, tokeni nje alfajiri mnuse hewa. Wingu la mlima wetu ni baridi na lina unyevu, lakini halina harufu wala haliwashi macho. Kikinuka kitu kilichoungua na macho yakawasha, huo ni moshi. Ahirisheni. Watoto wacheze ngonjera na maigizo ukumbini. Maporomoko ya maji yatakuwapo Jumamosi ijayo.

MKIWA NJIANI

Upepo wa mlima una desturi yake. Mchana, jua likipasha miteremko, upepo hupanda na kuchukua moshi kuelekea juu. Jioni hewa ikipoa hushuka, na moshi hushuka nayo ukajaa mabondeni. Kwa hiyo msipige kambi bondeni jioni kama kuna moto juu yenu.

Mkiuona moto wenyewe, msikimbilie juu. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko kushuka, na mtu aliyechoka hawezi kushindana nao. Mfuateni kiongozi. Nendeni pembeni na chini, au kwenye mawe matupu yasiyo na nyasi. Kama moto umeziba njia mliyopandia, kiongozi na askari wa hifadhi wataamua njia nyingine ya kushukia. Msigawanyike, na msiache mtu nyuma kwa kuwa "anajua njia".

Mtu ashushwe mara moja akionyesha dalili hizi: hawezi kumaliza sentensi bila kutweta, midomo inabadilika rangi, kifua kinauma, anachanganyikiwa au anayumba kama mlevi, anakohoa makohozi yenye povu au damu. Asiachwe ashuke peke yake. Na huko chini apelekwe hospitali iliyo karibu, iwe Kilema, Kibosho, Huruma, Mawenzi au KCMC. Asipelekwe nyumbani "apumzike kwanza".

Jambo jingine: baridi ikizidi, msiingize jiko la mkaa au la mafuta ndani ya hema. Gesi ileile tuliyoieleza hujaa hemani kimya kimya, na waliolala wanaweza wasiamke tena.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, kitambaa kilicholowekwa maji kinasaidia? Kinazuia majivu na masizi makubwa, na kinaburudisha koo. Lakini zile chembe ndogo hupita katika nyuzi zake bila shida, na gesi hupita kabisa. Barakoa za aina ya N95, zikibana vizuri usoni, huchuja chembe, ila hazizuii gesi. Tena ni vigumu kupanda mlima ukiwa umevaa barakoa hiyo. Ivae ili ikusaidie kushuka. Isiwe kisingizio cha kuendelea kupanda.

Je, kunywa maziwa husafisha kifua? Imani hii tumeirithi wengi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hayana njia ya kufika mapafuni. Kinachosafisha mapafu ni hewa safi, mapumziko na muda. Ile gesi nayo hutoka katika damu kwa saa kadhaa ukiwa mahali pasipo moshi. Aliyezidiwa sana hupewa oksijeni hospitalini.

Je, kikohozi baada ya moshi kitaisha lini? Mara nyingi hupungua katika siku chache. Kama una homa, au kifua kinazidi kubana, nenda hospitali usingoje. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu, hata kama unadhani unajua chanzo chake. Wapo watu wanaosingizia moshi na vumbi kwa miezi mingi huku ugonjwa ukiwala, na ukiambukiza watoto nyumbani.

MLIMA BAADA YA MOTO

Moto ukizimika, madhara hayaishi siku ile. Mizizi huendelea kufukuta chini ya udongo. Miti iliyoungua husimama wima kana kwamba ni mizima, kisha huanguka upepo ukivuma. Majivu huteleza, na mvua ya kwanza huyasomba mpaka kwenye vijito ambako wapandaji huchota maji. Maji ya vijito hivyo yachujwe kwa kitambaa safi kisha yachemshwe, na yakiwa meusi yasinywewe. Kwa hiyo njia ikifungwa kwa muda baada ya moto, tusilalamike wala tusipite vichochoroni.

Kuna hasara nyingine inayochukua miaka mingi zaidi. Watafiti wameonyesha kuwa tangu mwaka 1976, ukavu na moto vimeusukuma mpaka wa juu wa msitu wetu ushuke kwa mamia ya meta. Ile miti ya juu yenye ndevu za kuvu ilikuwa ikinasa ukungu na kuudondosha ardhini kama mvua. Ikiungua, ukungu hupita tu. Mlima unapoteza kivuli cha anayetembea, na pia maji ya mifongo yanayonywesha migomba na kahawa katika vihamba vyetu. Afya ya aliye chini imefungwa na miti ya juu.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anapotaka kutuonya juu ya ulimi, anatumia mfano wa moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Yeye alizungumzia maneno. Sisi wa Kilimanjaro tumeuona mfano wake kwa macho yetu.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wapagazi. Anayepasha chakula kwenye baridi ya mlimani anawapashia wengine, na sisi tunaokula tuna sehemu yetu katika moto ule. Basi kila mmoja ashike wajibu wake. Anayepanda asiwashe kuni, kwa maana hifadhi imekataza. Jiko la gesi liwekwe mahali pasipo nyasi, na mtu asiondoke likiwaka. Mvutaji wa sigara asitupe kishungi. Mrina asali ahakikishe mwenge wake umezimika kabisa, aumwagie maji na kuufukia kwa udongo. Anayechoma mabaki ya shamba karibu na ukanda wa Nusu Maili angoje mvua. Na yeyote atakayeona moto atoe taarifa mara moja kwa askari wa hifadhi, kwa serikali ya kijiji, au kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Kisha tujifunze kurudi nyuma. Wengi waliofika karibu na kilele huona aibu kugeuka, na vijana huona aibu kusema kifua kinabana. Ndugu zangu, kugeuka kwa ajili ya uhai si kushindwa. Mlima uliumbwa kabla yetu na utakuwapo baada yetu. Mapafu tumepewa mawili tu, nayo hayauzwi dukani.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, tunawaomba msome ukurasa huu katika kikao chenu kabla kiangazi hakijaanza, hasa katika parokia za juu. Na kama kijana wenu mmoja anapanda mlima, mwiteni, mmwulize kikohozi chake kina siku ngapi.

Mwenyezi Mungu awalinde nyote, na aulinde mlima aliotupa.